Msimu wa korosho na biashara ya ngono Mtwara Mjini: fedha huishia mikononi mwa nani?

Mshauri_wa_Vikundi (Mtwara Mjini) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mshauri wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa mjini. Kazi yangu kubwa ni kukagua madaftari ya hisa, kusuluhisha ugomvi wa marejesho na kuwafundisha makatibu jinsi ya kufunga mahesabu ya mwaka. Mwezi Machi uliopita, tulipokuwa tukifunga mahesabu ya kikundi kimoja cha wanawake 22, niliona jambo ambalo mpaka leo halijaniondoka. Wanachama 5, ambao kila mtu kikundini anajua kuwa wanajipatia riziki kwa biashara ya ngono ingawa daftarini wameandikwa ‘wajasiriamali’, ndio walionunua hisa nyingi kuliko wote kati ya Oktoba na Desemba, na ndio hao hao walioomba kuzitoa kabla ya wakati ilipofika Februari. Wauza samaki na mama lishe, ambao hawakuwahi kununua zaidi ya hisa mbili kwa wiki, walifika Machi wakiwa na akiba kubwa kuliko wao.

Hapa mjini jibu liko tayari midomoni mwa watu: fedha ya haramu haina baraka, au dada poa wanaponda raha msimu ukiwapo na kulia ukipita. Sina ugomvi na baraka, lakini daftari halina safu ya baraka. Lina safu ya kuingia na safu ya kutoka, nami nataka kujua nini hasa kinaandikwa katika safu ya kutoka.

Mazingira yetu mnayajua. Mtwara na Lindi ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya korosho za nchi hii, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, uanze mwaka 2007, fedha ya mkulima humwagika kwa mafungu, mnada baada ya mnada, kuanzia Oktoba hadi Desemba au Januari. Pamoja na fedha hiyo huja wanunuzi, madereva wa malori, makuli wa maghalani na wa bandarini, na vijana wa kangomba, wanaonunua korosho kwa mkulima kinyemela nje ya mnada, ambao hakuna anayewakaribisha lakini hawakosekani. Watu hao wote hula mahali na hulala mahali, na baadhi yao hutafuta wa kulala naye.

Nimewahi kusoma juu ya utafiti wa kiuchumi katika mitaa ya kusini mwa Chicago. Katika wiki ya sikukuu ya tarehe 4 Julai, wageni wanapojaa kwa ajili ya mikusanyiko ya kifamilia, bei ya huduma hii ilipanda kwa takriban asilimia 30 tu, kwa sababu wanawake wa mitaa mingine, na hata wengine ambao siku za kawaida hawaifanyi kabisa kazi hiyo, waliingia sokoni wiki hiyo hiyo. Je, hapa kwetu ni hivyo hivyo, kwamba wanaotoka Masasi, Newala, Tunduru na Dar es Salaam huja wakaishusha bei ambayo ingepanda? Au bei hupanda kweli, ila fedha huchukuliwa na mtu mwingine njiani? Naomba majibu ya wenye ujuzi wa jambo lenyewe, na naomba tusitaje majina ya watu wala ya nyumba.

---

Karani_wa_Mapokezi amejibu:

Ndugu mshauri, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa kile nilichokiona. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2019 nilikaa nyuma ya meza ya mapokezi ya nyumba moja ya kulala wageni, si mbali na stendi, ambayo sitaitaja. Tulikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa kitabu kikubwa cha wageni, chenye safu ya jina, kabila, atokako na aendako, ambacho mkaguzi akija ndicho alichoonyeshwa. La pili lilikuwa daftari dogo la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, nalo tuliliita daftari la mapumziko, yaani la wanaochukua chumba kwa saa chache tu. Humo hapakuwa na majina. Palikuwa na namba ya chumba, saa ya kuingia, saa ya kutoka na kiasi kilicholipwa.

Sasa chukua chumba kimoja, tuseme namba 6, chenye kitanda cha futi tano, feni na ndoo. Mwezi Aprili, mvua ikinyesha na mji ukiwa umelala, chumba hicho kilitozwa shilingi 4,000 kwa mapumziko na 15,000 kwa kulala, na kuna siku hakikufunguliwa kabisa. Mwezi Novemba, kwa chumba hicho hicho na feni hiyo hiyo isiyozunguka vizuri, mapumziko yalikuwa 7,000 na kulala 25,000. Tena kilitumika kwa mapumziko mara nne kuanzia saa kumi jioni hadi saa tano usiku, kisha tukatandika shuka nyingine tukamuuzia dereva wa lori usiku uliobaki. Piga hesabu: mara nne kwa 7,000 ni 28,000, ongeza 25,000, unapata 53,000 kwa chumba kimoja kwa siku moja. Tulikuwa na vyumba 14. Nami nakuhakikishia kwamba hakuna dada hata mmoja kati ya wale waliokuwa wakipita mbele ya meza yangu aliyekuwa akienda nyumbani na 53,000 halisi mfukoni. Chumba hakiugui, hakisuki nywele, wala hakipigiwi simu na mama yake kijijini.

Kuhusu bei kupanda, ulivyokisia ndivyo. Ilipanda, lakini si kwa kiasi ambacho watu hudhani, kwa sababu ifikapo wiki ya pili ya minada sura mpya zilikuwa nyingi kuliko za zamani. Wenyeji waliwaita wageni hao ‘ndege wa msimu’, na ugomvi kati yao ulikuwa mkubwa. Kilichopanda bila kushuka ni chumba, maana dada anaweza kuja na basi kutoka Masasi kwa saa chache, ila chumba hakiji na basi.

Niliyaona haya mara mbili kwa sura tofauti. Mara ya kwanza ni wakati wa gesi, walipokuja wajenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam. Mji ulijaa watu wenye mishahara, na tajiri yangu akaongeza ghorofa. Bomba lilipozinduliwa Oktoba 2015 wajenzi walikuwa wamekwisha kuondoka kwa sehemu kubwa, na ghorofa ile ikabaki na popo. Mara ya pili ni msimu wa 2018, wakulima walipokataa bei za wanunuzi, minada ikasimama, na serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wanunuzi binafsi waliondoka mjini kwa mkupuo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Katika daftari langu dogo kulikuwa na mistari mitatu au minne kwa siku, katika mwezi ambao ulipaswa kuwa na mistari arobaini. Tajiri hakupunguza bei ya chumba hadi Januari, na wale dada walikuwa wakikopa hata hiyo ya chumba kutoka kwangu mimi karani. Baadhi yao hadi leo hawajanilipa, nami nimekwisha kusamehe.

---

Mzee_wa_Mikindani amejibu:

Jambo hili ni uchafu na halikustahili kuandikwa hadharani. Badala ya kupiga hesabu za zinaa, wafundisheni kilimo cha mbaazi.

---

Mshauri_wa_Vikundi amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Mbaazi tunafundisha, na wawili kati ya hao watano wanalima. Bei yake ulivyoiona miaka hii unaijua mwenyewe kuliko mimi.

---

Binti_wa_Ruvuma amejibu:

Assalaam aleikum. Nimesoma mara tatu kabla ya kuandika. Mimi si miongoni mwa wale watano wa kikundi chako, lakini nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 9 na sasa nina umri wa miaka 31, kwa hiyo ninachosema sikukisikia kwa jirani. Karani amesema kweli kuhusu chumba cha gesti. Mimi nitaeleza chumba kingine ambacho hakukiona kutoka kwenye meza yake, yaani kile ninacholala mimi na mwanangu.

Kaka mshauri, umeuliza kwa nini hisa zinatolewa Februari. Jibu ni kodi ya nyumba. Hapa mjini mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wengi wetu tunahamia au tunarudi mjini mwishoni mwa Agosti ili msimu utukute tumejipanga, kwa hiyo mkataba unaanza Septemba na unakwisha Februari, na kodi nyingine inadaiwa tarehe 1 Machi, wakati mnunuzi wa mwisho amekwisha kupanda basi. Tunalipa kodi mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili hatuna kitu: Septemba korosho ziko mtini, Machi zimekwisha kuuzwa. Hao wenzangu hawakuzitoa hisa zao kwenda kuponda raha. Walizitoa ili wasitupiwe vitanda nje.

Na kodi yenyewe haifanani na ya wengine. Katika nyumba niliyokaa kabla ya hii kulikuwa na vyumba vitano chini ya bati moja, na choo kimoja. Jirani yangu wa mlango wa kushoto, mama lishe, alilipa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mimi nililipa 50,000. Nilipouliza sababu, mwenye nyumba alinijibu kwa upole kabisa kwamba mjumbe anamsumbua kwa sababu yangu na kwamba sheria inaweza kumkamata yeye. Sikuwahi kumwingiza mteja katika chumba kile hata siku moja, maana mwanangu alikuwa humo. Hata hivyo ile 20,000 ya hofu yake niliilipa mimi kila mwezi.

Kodi ya miezi sita ni 300,000. Mwezi Septemba nilikuwa na 100,000, kwa hiyo nilikopa 200,000 kwa wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu, ambao hawaulizi dhamana zaidi ya kitambulisho, simu na picha ya kitanda chako. Marejesho yalikuwa 9,000 kila siku kwa siku 30, jumla 270,000. Mkopo wa kwanza niliumalizia kwa kuchukua wa pili, kama wengi wanavyofanya, na ndio maana Novemba ilinikuta bado nalipa.

Sasa nikuandikie usiku mmoja mzuri wa Novemba, wiki ya mnada, kama ulivyotaka, safu ya kuingia na safu ya kutoka. Wateja wawili, 30,000 kila mmoja, jumla 60,000, na bei hiyo mteja hulipa yote kwangu halafu chumba nalipa mimi. Vyumba vya mapumziko mara mbili, 14,000. Bodaboda kwenda na kurudi, 4,000, kwa sababu saa tisa usiku hutembei kwa miguu. Mhudumu wa baa aliyenikutanisha na mmoja wao, 5,000. Mlinzi wa getini, 2,000. Chakula, 4,000. Marejesho, 9,000. Zimetoka 38,000 na zimebaki 22,000, ambazo mama yangu anayeishi kijijini na watoto wa marehemu dada yangu hawajazigusa bado. Usiku kama huo ni tatu au nne kwa wiki, si saba. Kuna usiku wa kukaa mpaka alfajiri na soda moja.

Usiku wa Aprili mteja ni mmoja na ni mtu wa hapa hapa, analipa 15,000 baada ya mabishano. Chumba 4,000, chakula 3,000, nyumbani narudi kwa miguu kwa sababu ni saa mbili usiku, na mhudumu wa baa hadai kitu kwa kuwa yeye mwenyewe anatamani watu. Zimebaki 8,000. Yaani ninachopokea msimu ni mara nne ya ninachopokea masika, ila ninachobaki nacho hakifiki hata mara tatu. Wanaoniona Novemba nimevaa vizuri huhesabu ile 60,000.

Jambo la mwisho silipendi lakini litasemwa. Wako wateja wanaoongeza fedha ili kinga isitumike. Mwezi ambao sina deni, namwambia atafute mwingine. Mwezi Februari mwaka mmoja mwanangu alilazwa kwa malaria, na kaka, sikumwambia atafute mwingine. Nashukuru Mungu vipimo vyangu vyote tangu hapo vimekuwa salama.

---

Mwalimu_Mstaafu_Lindi amejibu:

Binti, nakushukuru kwa kuandika, na aya yako ya mwisho ndiyo inayonifanya niongeze neno. Wanauchumi waliofanya kazi na wanawake wa Busia, upande wa Kenya, waliwaomba waandike shajara za kila siku za mapato na matukio ya nyumbani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba siku ambazo mtu wa nyumbani ameugua, hasa mtoto, wanawake walikuwa wepesi zaidi kukubali kuacha kinga, kwa sababu malipo yake ni makubwa. Huko Mexico ilikadiriwa kuwa nyongeza hiyo ni takriban asilimia 23. Kwa hiyo anayetaka kampeni za kinga zifanikiwe hapa kwetu angefanya vizuri kutazama pia nani anamkopesha mwanamke siku mtoto anapolazwa. Vipeperushi tunavyo vya kutosha.

Kuhusu mwenye nyumba, historia ya Kiswahili chenyewe ina mfano ambao vijana hawaujui. Nairobi ya wakati wa ukoloni, wanawake wa kazi hii waliainishwa kwa majina ya Kiswahili kulingana na namna walivyopata wateja. Malaya alikuwa mwanamke mwenye chumba chake, anayemsubiri mwanamume ndani, akampa chai, maji ya kuoga na hata chakula, na kila kimoja kikawa sehemu ya bei. Watembezi walizunguka barabarani. Baadaye wakaja waziwazi, wengi wao kutoka Bukoba, waliokaa mbele ya milango yao na kutaja bei kwa sauti. Neno ambalo leo ni tusi lilikuwa wakati ule jina la aina ya biashara, tena aina iliyoheshimika kuliko nyingine, maana malaya wengi walizigeuza fedha zao kuwa nyumba. Katika Pangani ya Nairobi, na baadaye Pumwani, sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake, na baadhi yao walianzia chumbani humo. Waziwazi walifanya tofauti: walikusanya haraka na kupeleka kwao kuokoa mashamba ya familia.

Ninachotaka mwone si bei. Tofauti ilikuwa umiliki wa mlango. Malaya wa Pumwani aliyekuwa na nyumba yake alipokea kodi hata alipozeeka. Binti wetu wa Mtwara analipa kodi mara mbili, ya gesti na ya nyumbani, na zote kwa bei ya juu.

---

Baharia_wa_Shangani amejibu:

Niliishi Uholanzi miaka kadhaa nikifanya kazi za bandarini Rotterdam, na mara nyingi nilipita katika mtaa wa De Wallen mjini Amsterdam, ule wenye madirisha yenye taa nyekundu, kwa hiyo nieleze kidogo, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kazi ikihalalishwa fedha hubaki kwa mwanamke.

Uholanzi iliondoa marufuku ya madanguro tarehe 1 Oktoba 2000. Anayesimama dirishani kwa kawaida si mwajiriwa wa mtu. Anahesabiwa kuwa amejiajiri, analipa kodi ya serikali, na dirisha analipangisha kwa zamu, ya mchana au ya usiku. Zamu ya usiku huzidi yuro 100, nayo hulipwa hata kama hakuna mteja aliyegonga kioo. Kwa hiyo wateja wa kwanza wa usiku ni wa mwenye dirisha, na yeye huanza kujifanyia kazi baadaye. Nilishangaa nilipoelewa hivyo, kwa sababu ndivyo bodaboda wa hapa kwetu anavyofanya kazi kwa ‘hesabu’ ya tajiri kabla ya kupata yake.

Halafu mwaka 2007 manispaa ilianzisha mpango ulioitwa 1012, kwa namba ya posta ya eneo hilo, ikayafunga madirisha zaidi ya mia moja kwa lengo la kupunguza uhalifu. Sibishani na lengo, lakini ndugu mshauri, wewe ni mtu wa hesabu: wanaotafuta madirisha hawakupungua kama madirisha yalivyopungua. Anayeshika leseni chache zilizobaki ana mali adimu mkononi. Mwaka 2023 waliongeza sharti kwamba madirisha yafungwe saa tisa usiku badala ya saa kumi na mbili asubuhi, na wanawake wenyewe waliandamana, wakisema saa zilizokatwa ni zile za mwisho zenye mapato.

Hapa kwetu leseni haipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafanya kuendesha danguro na kuishi kwa mapato ya ukahaba kuwa makosa, na anayejiuza hadharani anaweza kukamatwa. Jambo la ajabu ni kwamba njia mbili zilizo kinyume, ya Amsterdam na ya Mtwara, zinafika mlango ule ule. Kule chumba ni ghali kwa sababu ruhusa ni chache, huku ni ghali kwa sababu mwenye chumba anajilipisha hofu. Ile 20,000 aliyoitaja dada yetu hapo juu ndiyo bei ya Sura ya 16 kwa mwezi.

---

Mshauri_wa_Vikundi amejibu:

Nimeona kosa langu, na nakiri kwamba nililifanya nikiwa na daftari mkononi. Niliangalia tarehe za kutoa hisa bila kuuliza tarehe za mikataba ya nyumba. Jana nilikwenda kuwauliza wale watano. Wanne kati yao kodi yao inadaiwa Machi, na wa tano Februari.

Nina wazo ambalo naomba mlikosoe. Je, kikundi kiwe na mfuko wa kodi, ambapo kuanzia Oktoba kila mwanachama anayetaka anaweka kiasi kila wiki, na kikundi ndicho kinachomlipa mwenye nyumba Machi na Septemba? Mwanachama akipungukiwa, kikundi kinamkopesha kilichobaki kwa riba ya kikundi badala ya ile ya kausha damu. Ninachohofia ni wanachama wengine. Wapo waliokwisha kunong’ona kwamba fedha za kikundi zisichanganywe na ‘fedha za namna hiyo’, ingawa fedha hizo hizo zilipokuwa zikinunua hisa Novemba hakuna aliyenong’ona.

---

Mwalimu_Mstaafu_Lindi amejibu:

Mnong’ono huo si mgeni. Kolkata nchini India, katika mtaa wa Sonagachi, wanawake waliandikisha ushirika wao wa akiba na mikopo mwaka 1995, na kikwazo cha kwanza kilikuwa kifungu cha sheria ya ushirika kilichotaka wanachama wawe watu wenye maadili mema. Walibishana mpaka wakaandikishwa. Walikuwa wakikamuliwa na wakopeshaji wa mtaani, na benki hazikutaka kuwafungulia akaunti. Wazo lako la mfuko ni zuri. Nakushauri tu katibu asiandike sababu ya mkopo, aandike ‘kodi ya nyumba’ kwa kila mtu, mama lishe na wote, maana hata mama lishe anadaiwa miezi sita.

---

Karani_wa_Mapokezi amejibu:

Mfuko utasaidia kwa ile riba, lakini hautagusa ile tofauti ya 30,000 na 50,000. Kwa hiyo tusidhani kwamba tumemaliza.

---

Binti_wa_Ruvuma amejibu:

Kaka mshauri, Karani yuko sahihi, na hilo ndilo tulilolifanyia kazi sisi wenyewe mwaka jana, kwa hiyo nieleze kisha niwaache.

Tulikuwa wanne, kila mmoja akilipa 50,000 kwake, jumla 200,000 kwa mwezi. Mmoja wetu aliacha kazi hii na sasa anauza samaki wa kukaanga karibu na feri ya Msangamkuu, na kwa jina lake, akiwa na ndoo na karai lake kama ushahidi, tulipanga nyumba nzima ya vyumba vinne, mbali kidogo na mjini, kwa 120,000. Mwenye nyumba alimwona muuza samaki na akatoza bei ya muuza samaki. Sharti letu ni moja: hakuna mwanamume anayevuka kizingiti, awe mteja, mpenzi au shemeji, kwa sababu hapo ni pa watoto, na pia kwa sababu hiyo Sura aliyoitaja baharia tunaijua. Kijumbe, yaani mkusanyaji, wa mchezo wetu wa fedha ni huyo muuza samaki, na kila jioni hupita na daftari kabla hatujatoka, si asubuhi tunaporudi, maana tumegundua kwamba fedha ya jana usiku, ikikutwa jioni, angalau imekwisha kushinda siku moja bila kutumika.

Mwenye nyumba alikataa kupokea kwa mwezi, tulimwomba mara mbili. Bado anataka 720,000 kwa mkupuo. Inayofuata ni tarehe 1 Septemba, na leo asubuhi katika kibubu kulikuwa na 410,000.